Somo: Kumfundisha mtu aliyepoteza kuona ukubwani kutembea na fimbo nyeupe (kwa mitaa yetu ya Dodoma)

Wakuu, habari za leo. Ujumbe unaonijia ni uleule kila mara: "Mzee wetu macho yameisha, fimbo tumemnunulia, mbona hatoki nje?" Nimejibu kwa simu mpaka nimechoka. Leo naandika yote mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mimi sioni kabisa. Presha ya macho ilinichukulia kuona nikiwa mtu mzima, na sasa nafundisha wenzangu hapa mjini kutembea. Somo hili ni la mtu mzima aliyewahi kuona. Mtoto aliyezaliwa haoni ana njia yake ya kujifunza; kwa huyo nendeni mkaongee na walimu wa Shule ya Wasioona Buigiri, wilaya ya Chamwino.

Hatua ya 1. Kliniki ya macho kwanza. Kama ni mtoto wa jicho, upasuaji unaweza kumrudishia kuona. Kama ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, ila dawa inaweza kulinda kilichobaki. Msimkabidhi mtu fimbo kabla hamjajua ni lipi.

Hatua ya 2. Urefu. Asimame wima na viatu vyake vya kutembelea. Fimbo ikigusa chini, kichwa cha fimbo kifike kwenye mfupa wa katikati ya kifua. Mwenye hatua ndefu aongezewe kidogo. Mkongojo wa kuegemea si fimbo nyeupe, msivichanganye. Kama mnatengeneza wenyewe, bomba jepesi la alumini linafaa kuliko mti. Ncha iwe ya plastiki ngumu. Mpira unaowekwa kwenye ncha ya mkongojo unanata kwenye lami na unaua sauti, na sauti ya ncha ndiyo inayomwambia amefika kwenye kokoto, mchanga au zege.

Hatua ya 3. Nyumbani. Kila kitu kikae mahali pake, na mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa. Mlango uliofunguka nusu ndio unaopasua nyuso za watu.

Hatua ya 4. Kushika. Mkono uwe katikati ya mwili, usawa wa kitovu, umesogea mbele kidogo. Kidole cha shahada kilale juu ya mpini kikielekea chini. Mpini usigande tumboni, maana ncha ikikwama kwenye ufa wa lami fimbo itamchoma.

Hatua ya 5. Mdundo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma polepole.

Mguu wa kushoto unapokwenda mbele, ncha ya fimbo iguse kulia. Mguu wa kulia unapokwenda mbele, ncha iguse kushoto. Yaani fimbo inakagua mahali ambapo mguu *unaofuata* utakanyaga. Mtu akiachwa ajifunze peke yake, mara nyingi hufanya kinyume: mguu wa kulia na fimbo kulia, pamoja. Kwa macho ya mtazamaji anaonekana anatembea vizuri tu, na kwenye uwanja tambarare hakuna kitakachomkuta. Siku atakayopita kando ya mtaro usio na mfuniko, mguu utaingia pale ambapo fimbo haijawahi kugusa. Kuna watu wamevunjika miguu wakiwa na fimbo mkononi, kisha ndugu wanasema fimbo haisaidii. Fimbo haikuwa na kosa. Mdundo ndio uliokuwa kinyume.

Upana wa mchezo wa fimbo uzidi mabega kidogo tu, kama vidole vitatu kila upande. Ukiwa mwembamba, bega litagonga nguzo. Ukiwa mpana mno, fimbo itachelewa kurudi na mdundo utaharibika. Ncha ipite chini chini, isiinuliwe juu ya kifundo cha mguu.

Zoezi: tafuteni njia iliyonyooka kando ya ukuta, asubuhi kabla jua halijawa kali. Ahesabu kwa sauti "moja, mbili" kila hatua. Akipotea mdundo, asimame, aanze upya kutoka kusimama. Asirekebishe huku anatembea, maana ndivyo makosa yanavyozoeleka mguuni. Msiende hatua ya 6 mpaka aweze kutembea huku anaongea na wewe habari nyingine kabisa na mdundo hauvunjiki.

Onyo: fimbo hailindi kichwa. Tawi la mwarobaini, bati la kibanda, nyuma ya lori lililoegeshwa, vyote vinapita juu ya fimbo. Akihisi kivuli cha ghafla usoni au sauti imebadilika, ainue mkono mwingine mbele ya paji la uso.

Hatua ya 6. Wewe unayemsindikiza, nyamaza. Hii naiandika kwa ndugu na nawaomba muipokee. Mnamfuata nyuma na kupiga kelele, "Jiwe hilo! Kushoto! Simama!" Kila mkifanya hivyo, anajifunza kuisikiliza sauti yenu, na fimbo inabaki pambo. Siku hampo, hana kitu. Mwacheni fimbo yake ilikute jiwe. Mwacheni aguse ukingo wa mtaro kwa ncha, asimame, apime kina chake, apime upana, aamue. Kaa hatua mbili nyuma yake, karibu kiasi cha kumshika, na mshike pale tu gari linakuja au fimbo imeshindwa kweli. Mzee wenu hatoki nje kwa sababu hajawahi kuachwa aone kwamba fimbo inafanya kazi.

Kama mnatembea naye kwa haraka zenu, hilo ni jambo tofauti: yeye akushike kiwiko, wewe utangulie nusu hatua. Usimsukume kutoka nyuma na usimvute kwa fimbo yake.

Hatua ya 7. Alama za njia. Mfundishe njia moja tu kwanza: nyumbani hadi dukani, au hadi msikitini au kanisani. Tafuteni alama zisizohama: kalavati, tuta, mahali lami inapoishia, mteremko. Mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea na harufu ya vitumbua ni alama za nyongeza, kwa sababu kuna siku wanafunga. Jua nalo linasaidia: ukitoka Nzuguni, mashariki ya mji, kuja mjini asubuhi linakuchoma mgongoni, ukirudi jioni linakuchoma mgongoni vilevile. Saa sita mchana usilitegemee.

Hatua ya 8. Kuvuka. Kwetu magari yanakwenda kushoto, kwa hiyo ukisimama ukingoni, gari la upande wa karibu linatoka kulia kwako, na ukipita katikati, linatoka kushoto. Bodaboda hazifuati hilo, sikiliza pande zote. Usivukie kwenye kipilefti, nenda mbali nacho mpaka sauti za magari zinyooke. Karibu na tuta ni pazuri zaidi kwa sababu magari yanapunguza mwendo na unasikia bodi zinavyogonga. Upepo wa kiangazi ukivuma kwa nguvu unafunika sauti; siku hiyo omba uvushwe. Kuomba si udhaifu, hata mimi naomba pale barabara ya Dar es Salaam.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

---

Kijana wa Kikuyu: Mkuu somo zuri. Sasa fimbo iwe na urefu gani? Mama yangu mfupi.

Mwandishi: Hatua ya 2.

Kijana wa Kikuyu: Nimeiona. Samahani mkuu.

Mama Neema: Shikamoo mwalimu. Mume wangu ana fimbo ya mti, tumeipaka vanishi ya kahawia, anasema nyeupe inamtangaza kwa watu. Kuna ubaya?

Mwandishi: Marahaba dada. Mwambie fimbo ina kazi mbili. Ya kwanza ni yake yeye, kugusa. Ya pili ni ya dereva. Mwaka 1921 huko Bristol, Uingereza, mpiga picha aitwaye James Biggs alipoteza macho kwa ajali, na kwa kuogopa magari yaliyokuwa yakipita karibu na kwake akapaka fimbo yake nyeupe ili aonekane. Ule mdundo wa hatua ya 5 ukaja baadaye, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia: Mmarekani Richard Hoover aliutengeneza kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Kahawia jioni kwenye vumbi la Dodoma hakuna dereva atakayeiona. Najua aibu anayoisema, ni nzito, usimlazimishe kwa maneno makali. Aanze nayo ndani ya ua, kisha saa ambazo mtaa umetulia.

Mjasiri255: Kwa nini msitumie mbwa kama Ulaya? Naona kwenye video ni rahisi.

Mwandishi: Mbwa haijui unakokwenda. Anayeijua njia ni mwenye mbwa, na anaijua kwa sababu alijifunza kutembea na fimbo kwanza. Unarudi palepale.

Mtoto wa Mkalama: Mimi naona mnawatesa wazee. Baba yangu ana miaka 68, akae ndani apumzike, chakula analetewa.

Mwandishi: Uliza kwanza kama ndicho anachotaka. Nimekaa na wazee wanaoletewa chakula, wanaomba mtu wa kuwapeleka chooni na wanamsubiri arudi kutoka shambani. Huko si kupumzika. Miaka 68 siyo sababu, magoti mabovu ndiyo yangekuwa sababu, na hata hapo fimbo ndefu inaweza kushikwa mkono mmoja na mkongojo mwingine.

Mtoto wa Mkalama: Sikuwaza habari ya choo. Nitamuuliza.

Mwalimu wa Kongwa: Habari ndugu. Nafundisha shule ya msingi, nina mwanafunzi ambaye kuona kwake kunapungua. Nimegundua akikaribia ukuta anapunguza mwendo kabla hajaugusa. Anajuaje? Haoni kitu upande huo.

Mwandishi: Mwalimu, umefanya vizuri kuliona hilo. Anasikia. Sauti za miguu yake na za fimbo zinagonga ukuta na kumrudia, na jinsi anavyokaribia ndivyo zinavyobadilika. Watu wengi wasioona wanalo hilo bila kujua. Wengine wanasema "nahisi usoni". Linafundishika. Kuna Mmarekani, Daniel Kish, alitolewa macho akiwa mchanga kwa sababu ya saratani ya retina, akakua anapiga ulimi kinywani na kusikiliza mwangwi, na sasa anafundisha wengine. Jaribu naye hivi: mfumbe macho, simama mbele yake na sinia, sogeza karibu na uso wake na mbali huku anasema "shhhh" bila kukatisha. Atakuambia sinia lilipo. Kisha mpeleke kwenye korido aseme mlango ulio wazi uko wapi. Fanya na darasa zima, wote wafumbe macho, asijione yuko peke yake. Na kama bado hajaonekana na daktari wa macho, msisubiri, kwa maeneo ya Kongwa trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, ina historia ndefu na inatibika ikiwahiwa.

Mwalimu wa Kongwa: Nimejaribu leo mchana na sufuria. Watoto hawakutaka kuacha! Yeye ndiye aliyepatia mara nyingi zaidi.

Mwandishi: Nimefurahi sana. Endelea naye, na kama utapenda nitumie ujumbe tuongee habari ya nukta nundu pia, yaani maandishi ya kusoma kwa vidole, aanze akiwa bado anaona kidogo.

Dada wa Majengo: Nje ya mada kidogo. Naanza kutoona vizuri na nina genge la nyanya. Noti mnazijuaje?

Mwandishi: Noti zetu zinaongezeka ukubwa kadiri thamani inavyopanda. Shika ya 10,000 na ya 1,000 pamoja, linganisha kingo, utaona tofauti. Tofauti kati ya zinazofuatana ni ndogo, kwa hiyo zikunje kwa namna tofauti: mimi 1,000 siikunji, 2,000 naikunja mara moja kwa upana, 5,000 kwa urefu, 10,000 mara mbili. Ikunje pale unapoipokea, mteja akiwa bado amesimama, na taja kwa sauti: "Umenipa elfu tano." Chenji toa kabla noti yake hujaiweka mfukoni.

Fundi Simu Sabasaba: Naongezea: simu nyingi za Android zina TalkBack, inasoma kila unachogusa. Kwenye mipangilio, upande wa ufikivu. Ikishawekwa njia ya mkato, bonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde tatu inawaka.

Mwandishi: Asante fundi. Dada, vaa sikio moja la headphone kabla hujaingiza namba ya siri ya pesa mtandaoni, kwa sababu simu inaweza kuitaja kwa sauti sokoni. Sikio la pili libaki wazi.