Somo: Kuegesha gari la mzigo Tanga mjini bila kulimbikiza deni

Ndugu zangu wenye kirikuu na Fuso, somo hili nawalenga hasa ninyi ambao gari lenu linashikwa na madereva wawili watatu. Madeni ya maegesho huzaliwa hapo.

Hatua ya 1: jua utasimama wapi kabla hujafika. Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, njia panda zimefuatana. Fuso ikisimama kwenye kona, anayechomoza pembeni haoni kinachokuja, na anayeumia ni bodaboda. Ipite kona, sogea katikati ya mtaa. Njia ya waenda kwa miguu usiipande, na mifuniko ya mitaro usiikanyage. Zege lile halikumwagwa kwa ajili ya lori la saruji.

Hatua ya 2: mpigie mwenye duka ungali njiani, makuli wakukute mlangoni. Shusha, ondoka.

Hatua ya 3 ndiyo kubwa. Ushuru wa maegesho ya barabarani hukusanywa kielektroniki na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mhudumu anaingiza namba ya gari kwenye mashine, na deni linakaa kwenye namba hiyo. Dereva akibadilika, deni halihami naye. Lipa kwa kontrol namba, yaani namba ya malipo ya deni hilo, kwa simu au benki; usimwachie mtu noti mkononi. Mwenye gari, jiwekee siku moja ya wiki uingie mtandaoni kwenye TeRMIS, mfumo wa TARURA wa makusanyo, uangalie unadaiwa nini. Ukichelewa, faini inapanda juu ya deni.

MASWALI

Kaka, dereva wangu kaacha kazi, nimekuta deni. Nifanyeje?
Pole sana. Lipa kwanza lisizidi, halafu mdai yeye. Siku nyingine dereva akirudisha funguo, angalieni deni pamoja, yeye akiwepo.

Nina leseni ya LATRA. Kwa nini nilipie na maegesho?
LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inakuruhusu kubeba mzigo kibiashara. Ushuru huu ni wa nafasi unayoikalia barabarani. Moja haifuti nyingine.

Gari likizima kabisa pale Mgandini, je?
Washa taa za dharura, weka pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma. Matawi peke yake usiku hayaonekani. Na yale mawe mnayozuilia tairi, tafadhali, utingo ayaondoe kabla hamjaondoka. Mwenye pikipiki akiyavaa gizani ni msiba.