Siku Moja na Watoto Nairobi: Wanyama Asubuhi, Makumbusho Alasiri

Kinachoharibu siku kama hii ni kupanga sehemu nyingi. Mtoto wa miaka sita ana nguvu za kutembelea sehemu mbili, basi. Kwa familia isiyo na gari, mpango bora ni kuanzia lango kuu la KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya), Lang'ata Road, ambako makao ya wanyama yatima yaliyofunguliwa mwaka 1964 na Safari Walk, njia ya miguu ya kutazama wanyama, vimepakana, kisha kumalizia Makumbusho ya Taifa.

Lipa usiku wa kuamkia safari. Pesa taslimu hazipokelewi langoni. Malipo ni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na foleni ya asubuhi hutokana na watu wanaofungua akaunti papo hapo huku simu zikiishiwa chaji. Kila sehemu ina tiketi yake: ya wanyama yatima haikuingizi Safari Walk, wala ya Safari Walk haikuingizi Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyo jirani. Chagua kundi sahihi, mwananchi au mgeni, mtu mzima au mtoto, na ubebe kitambulisho. Piga picha risiti kwenye skrini, usitegemee mtandao.

Panda matatu za 125 au 126, zile za Rongai, karibu na stesheni ya reli. Muulize kondakta kabla ya kukaa kama atawashusha KWS. Lengeni kufika saa tatu. Jua likipanda, simba na fisi hulala kivulini na watoto huona migongo tu.

Anzeni na Safari Walk, kwa kuwa ndiyo yenye mwendo mrefu. Njia ni ya mbao, imeinuliwa juu ya ardhi, inapitia mazingira ya kinamasi, nyika na msitu. Msikimbie. Simameni kimya dakika chache penye bongo, swala wa msituni mwenye mistari myeupe. Hujificha vizuri, na kelele humrudisha vichakani. Mtoto mdogo abebwe mgongoni kwa leso, asikalishwe juu ya kingo ili aone vizuri. Halafu ingieni kwa yatima, na muulize wahudumu ni saa ngapi wanyama watalishwa siku hiyo. Muda wa saa mbili na nusu hadi tatu unatosha kwa sehemu zote mbili.

Chakula ndicho chanzo cha vilio. Tumbili na nyani wanajua sauti ya karatasi ya krispi, na humpokonya mtoto kwanza kwa sababu ni mfupi. Fungeni vyakula ndani ya mkoba wenye zipu, mle mkiwa mmeketi mahali pa kulia, na msiwarushie chochote: nyani aliyezoea kulishwa huwa mkali. Maji yawe kwenye chupa ya kudumu. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 2020. Kati ya Juni na Agosti bebeni sweta, asubuhi za Nairobi huuma.

Wengi hufika lango hili wakitafuta ndovu wachanga wa Sheldrick, kituo cha kulea ndovu yatima. Hao wako upande mwingine, wanaingiliwa kutoka Magadi Road, huonwa na umma saa tano hadi saa sita mchana tu, na ni lazima kuweka nafasi mapema. Mkiwataka, wapeni siku yao.

Baada ya chakula rudini mjini, mpande matatu ya Westlands, mshuke Museum Hill, yalipo Makumbusho ya Taifa. Waonyesheni watoto sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta. Ndani, nendeni moja kwa moja kwa Kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Vyumba vingine vitangoja. Banda la nyoka liwe la mwisho: likitangulia, hakuna mtoto atakayetazama mifupa. Ondokeni kabla ya saa kumi na moja, nauli haijapanda. Mvua ikinyesha, ondokeni mapema zaidi.