Birika Linavuja? Jua Kwanza Linavujia Wapi

Maji yaliyotuama chini ya birika si lazima yawe yametoka kwenye tundu. Birika lililojazwa kupita alama ya juu hutema maji kwa mdomo linapochemka, na maji hayo huteremka ubavuni hadi kwenye kitako. Mvuke nao hugeuka matone kwenye kifuniko na mkono, kisha hudondoka. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi au kununua gundi, hakikisha unajua maji yanaanzia wapi. Matengenezo mengi huharibikia hapa: mtu anapaka gundi palipolowa, kumbe palipolowa ni mwisho wa njia ya maji.

Chomoa plagi, mwaga maji, acha birika lipoe, kisha lifute na uliache wazi usiku kucha hadi vijishimo vya kitako vikauke. Liweke juu ya karatasi nyeupe ya kufutia, mbali na stendi yake ya umeme. Jaza maji baridi hadi alama ya juu, tia matone machache ya rangi ya chakula, usubiri saa 2. Doa la rangi kwenye karatasi litakuonyesha upande unaovuja. Kama linavuja polepole, acha maji humo hadi yaache kupungua: usawa yanapokomea ndio usawa wa tundu. Yakikomea katikati ya kidirisha cha kupimia maji, huna haja ya kufungua kitako. Yakiisha yote, tatizo liko chini.

Karatasi ikibaki kavu, rudia kwa maji ya moto. Yachemshe kwenye sufuria, weka birika ndani ya beseni, umimine humo. Plastiki hutanuka zaidi ya chuma na kioo inapopata joto, na ndiyo sababu viungo vingine hukaza kwa maji baridi na kuachia kwa maji ya moto. Lisipovuja hata hapo, lakini likawa linatoa maji linapochemka kwenye stendi, chunguza kifuniko kisichofunga vizuri, kujaza kupita kiasi, na njia ya mvuke. Mabirika mengi ya umeme yana mrija mwembamba unaopeleka mvuke kwenye swichi ili ijizime. Maji yakizidi huingia kwenye mrija huo na kutokea chini, na hapo mtu huapa kwamba kitako kimetoboka.

Angalia pia alama za nje. Mvujo wa muda mrefu huacha mstari mweupe wa chumvi, wa kijani kwenye shaba, au wa kahawia kwenye chuma kinachoshika kutu. Ufuate mstari huo kwenda juu hadi mwanzo wake.

Ondoa ukoko kwanza

Ukoko mweupe wa chokaa huingia kati ya mpira na chuma, ukaunyanyua mpira kidogo kidogo hadi maji yapate upenyo. Tumia asidi ya sitriki ya unga, gramu 30 (kama vijiko 2 vya chakula) kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, ukaiache kwa dakika 30 hadi 60. Usiichemshe, kwa sababu kwenye joto kali asidi hii huweza kutengeneza ukoko mwingine ulio mgumu zaidi kuondoa. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inafaa pia, ila huchukua muda mrefu na harufu yake hukawia. Birika la alumini lisikae na asidi zaidi ya dakika chache, maana chuma chenyewe kinaliwa.

Wakati mwingine mvujo huongezeka baada ya usafi. Usishtuke: ukoko ndio uliokuwa umeziba tundu, na sasa unaliona lilivyo.

Birika la umeme lenye koili inayoonekana ndani

Hili ndilo rahisi kuliko yote, na inasikitisha kuona linatupwa kwa sababu ya ringi moja ya mpira. Koili, yaani chuma kinachochemsha maji, hupita kwenye ukuta wa birika, na kati ya bapa lake (sehemu pana inayokaa ukutani) na ukuta kuna ringi ya mpira au silikoni. Ringi hiyo huchoka kwa joto, ikabapa na kukakamaa.

Plagi ikiwa imechomolewa, fungua kifuniko cha kidhibiti, yaani sehemu ya nje inayokata umeme yenyewe. Skrubu zake mara nyingi zina kichwa cha pembe tatu au cha nyota, hivyo tafuta ncha ya bisibisi inayozitosha. Kulazimisha bisibisi ya kawaida huharibu kichwa na kazi inaishia hapo. Piga picha ya nyaya kabla ya kugusa kitu. Chomoa vishikizo vya waya kwa kushika chuma chake kwa koleo, usivute waya wenyewe. Legeza skrubu za kidhibiti, nyingi huwa 3, kisha toa koili kwa upande wa ndani.

Pima ringi ya zamani: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, na unene. Nunua ya silikoni inayolingana kwa vipimo vyote vitatu, kwani tofauti ya nusu milimita kwenye unene inatosha kuleta mvujo. Kwangua mabaki kwenye bapa na ukutani kwa kijiti cha mbao au plastiki. Kisu huacha mikwaruzo, na maji hupita kwenye mikwaruzo. Kama ringi mpya haijapatikana na ya zamani haina ufa, kuigeuza upande wa pili husaidia kwa muda.

Wakati wa kurudisha, kaza skrubu kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, hadi mpira uanze kufinywa sawasawa pande zote. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, bapa linakaa upande na maji yanatoka upande wa pili. Ukikaza kupita kiasi, mpira unachomoza nje na kukatika. Kidhibiti kina kibati kidogo kinachogusa mwisho wa koili. Hicho ndicho hukata umeme birika likichemka bila maji. Hakikisha kinagusa kama mwanzo, na kama kulikuwa na krimu ya kupitisha joto, usiifute.

Birika lenye sahani bapa chini

Hapa koili imefichwa chini ya sahani ya chuma. Chunguza sahani kwa tochi. Ukiona vishimo vya kutu vilivyozama, hasa kile kinachotoa maji, acha kazi hapo hapo. Maji yakipenya sahani yanafika kwenye umeme, na hakuna kiraka cha nyumbani kinachostahili kuaminiwa mahali hapo.

Kama sahani ni nzima na maji yanapita kwenye ukingo wake, kuna mpira uliobanwa kwa pete au mstari wa silikoni. Mpira hubadilishwa kama nilivyoeleza juu. Silikoni hukwanguliwa yote na kupakwa upya kwa ndani.

Kidirisha cha kupimia maji

Kwa mabirika ya plastiki, hapa ndipo pa kupashuku mwanzo. Tumia silikoni iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kugusana na chakula na inastahimili angalau nyuzi 180 za Selsiasi. Silikoni ya bafuni haifai, kwa sababu nyingi huwa na dawa ya kuua kuvu. Gundi ngumu za kuchanganya mbili nazo ziache: nyingi za kawaida hulainika kati ya nyuzi 60 na 80, na hata zisipolainika, hupasuka plastiki inapotanuka. Silikoni hunyumbulika pamoja na plastiki, ndiyo maana hudumu.

Kata silikoni ya zamani kwa wembe mwembamba hadi usibaki utando wowote. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Futa kwa spiriti, subiri ikauke. Paka mstari mmoja usiokatika, upana wa kama milimita 3, ukianza na kumalizia juu ya kidirisha, si chini ambako maji hukaa muda wote. Bandika kidirisha, kibane kwa utepe wa karatasi, ulainishe ukingo kwa kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni.

Kisha subiri. Silikoni hukomaa kwa unyevu wa hewa kuanzia nje kwenda ndani, takribani milimita 2 hadi 3 kwa saa 24, kwa hiyo ngozi ya juu hukauka mapema wakati ndani bado ni laini. Ipe saa 48. Halafu chemsha maji ya kujaza birika mara 3 na kuyamwaga. Kama bado yana harufu ya siki inayotoka kwenye silikoni, rudia.

Ikiwa ufa uko kwenye kidirisha chenyewe, silikoni ya juu juu haitadumu kwa sababu ufa huendelea kutembea. Hapo kinachosaidia ni kidirisha kingine.

Birika la jikoni, la kuweka motoni

Halina umeme, na fundi mwenye subira anaweza kulirudisha kazini kwa miaka. Njia inategemea chuma chake.

Shaba na bati lililopakwa madini ya bati hulehemiwa. Tumia lehemu isiyo na risasi, kwa mfano ya bati asilimia 99.3 na shaba asilimia 0.7, inayoyeyuka kwenye nyuzi 227. Lehemu ya vifaa vya redio, yenye bati 60 na risasi 40, ni rahisi kutumia lakini risasi ni sumu na huingia kwenye maji ya kunywa; isikaribie birika kabisa. Kiungo cha lehemu hustahimili moto kwa sababu maji yaliyomo hayaruhusu chuma kupanda sana juu ya nyuzi 100. Birika likikauka motoni, lehemu inadondoka.

Toa ukoko, piga msasa kuzunguka tundu kwa upana wa sentimita 1 hadi chuma king'ae kama kipya, kisha paka dawa ya kulehemu. Zungushia kitambaa kibichi kwenye mshono wa mdomo na misumari ya mkono, la sivyo utaziba tundu moja huku mdomo ukianguka. Pasha chuma, usipashe lehemu: gusisha waya wa lehemu upande usio na moto, na chuma kikiiva kitaivuta chenyewe hadi kwenye upenyo. Ikiwa inajikusanya kama tone na kuviringika, pana uchafu au joto halitoshi. Ondoa moto, usiliguse birika hadi lehemu ipoteze mng'ao wa majimaji na kuganda. Osha kwa maji ya moto yenye magadi, kwa sababu mabaki ya dawa hiyo hula chuma.

Chuma cha pua kinahitaji dawa ya kulehemu iliyotengenezwa mahususi kwa ajili yake. Ya kawaida haivunji utando wake wa juu. Kwa ufa mrefu, mpelekee fundi wa kuchomelea kwa gesi ya argoni.

Alumini haikubali lehemu ya kawaida. Tundu dogo la kitako hupanuliwa kwa keekee hadi milimita 4, kisha huzibwa kwa ribiti nzima ya alumini: kichwa ndani, chuma kizito kikikishikilia, na upande wa nje unapondwa kwa nyundo ndogo hadi utanuke. Bolti ya chuma cha pua yenye washa (kibati cha mviringo chenye tundu) pande mbili nayo inafaa, na ringi ya silikoni iwe upande wa maji tu, maana upande wa moto itaungua. Usitumie shaba, kwani shaba na alumini zikikutana majini, alumini ndiyo inayoliwa. Kabla ya yote, bonyeza kitako kwa kidole gumba. Kikibonyea kirahisi, kimeshakuwa chembamba na tundu jingine liko njiani.

Birika la enameli lisipigwe nyundo wala lisipashwe kwa tochi ya gesi, enameli itabanduka vipande. Lizibe kwa bolti na washa, ukikaza kwa mkono mwepesi.

Maji yanayotoka kwenye misumari ya mkono mara nyingi hukoma kwa kuikaza tu: shikilia chuma kizito kwenye kichwa cha ndani, gonga cha nje kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi machache, kisha jaribu.

Kabla ya kurudisha umeme

Birika la umeme lililofunguliwa lipimwe kwa mita, plagi ikiwa nje ya ukuta. Kati ya pini ya ardhi na mwili wa chuma usomaji uwe chini ya omu 1. Kati ya pini za umeme na pini ya ardhi mita isionyeshe mpitisho wowote. Koili yenyewe hupimwa kwa kuzidisha volti kwa volti na kugawa kwa wati: birika la wati 2000 kwenye volti 230 lisome karibu omu 26. Mita ya kawaida hutumia volti ndogo na unyevu unaweza kuipita bila kuonekana, hivyo mwenye kipimo cha insulesheni (kinachopima kama umeme unavujia kwenye mwili wa kifaa) cha volti 500 akitumie, na usomaji usiwe chini ya megaomu 1.

Usilirudishe umeme birika ambalo plastiki yake imepasuka karibu na kitako au mkono, ambalo vishikizo vya waya vimeungua, au linalokatisha swichi kuu ya nyumba kila likiwashwa.

Likifaulu, chemsha mara ya kwanza ukiwa karibu nalo, halafu lipoe na urudie jaribio la karatasi. Lifanye tena baada ya wiki moja, kwa sababu ringi mpya hukaa sawa baada ya kupata joto na kupoa mara kadhaa. Kama tone moja limejitokeza kwenye birika la koili, robo mzunguko kwa kila skrubu kwa kawaida hulimaliza.