Laptopu yako inatosha kuwa ruta ya chumba

Ukipata chumba cha mwanafunzi Ujerumani, Uholanzi au Uingereza, intaneti kwa kawaida utaikuta, tena ya kasi. Kinachosumbua ni kuingia. Mtandao wa eduroam, unaotumiwa na vyuo vikuu vya nchi nyingi, unataka jina la mtumiaji na neno la siri la chuo. Simu na kompyuta vinaliweza hilo, lakini runinga nyingi, printa, spika na Chromecast (kile kidude cha Google cha kurushia video kwenye runinga) haviliwezi. Hoteli na hosteli nazo zina ule ukurasa wa kuingilia, unaokudai namba ya chumba na kubofya kwamba umekubali masharti. Sasa Chromecast isiyo na kivinjari itabofya wapi? Halafu kuna wale wanaoruhusu vifaa viwili kwa chumba, nanyi mmo wanne na kila mtu ana simu yake.

Kabla ya kutoa pesa kununua ruta, itazame laptopu. Ikishaingia mtandaoni yenyewe, inaweza kuwagawia wengine, na mtandao wa jengo utaona kifaa kimoja tu: hiyo laptopu. Ukurasa wa kuingilia unaujaza mara moja kwenye kompyuta, waliobaki wanapita nyuma yake.

Kwenye Windows 10 na 11 huhitaji kusakinisha programu yoyote. Kitu hiki kimo kwenye mipangilio tangu 2016, kwa hiyo zile programu za "hotspoti ya bure" zinazojaa matangazo achana nazo. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao na intaneti, kisha "Mobile hotspot". Kama kompyuta umeinunua Ujerumani na bado inazungumza Kijerumani, tafuta "Mobiler Hotspot". Chagua intaneti inatoka wapi, Wi-Fi au waya wa ukutani, kisha chagua kuigawa kwa Wi-Fi. Badilisha jina na neno la siri, herufi zisipungue nane, halafu washa. Mwisho ni vifaa vinane.

Hilo jina lifikirie kidogo. Ruta ya nyumbani ikiwa na jina fulani na neno fulani la siri, ipe hotspoti ya laptopu jina lilelile na neno lilelile, herufi kubwa kwa herufi kubwa. Mkifika hotelini, simu na tableti za watoto zitajiunga zenyewe zikidhani ziko nyumbani. Faida yake utaiona mama akija kukutembelea kutoka Tanga. Simu yake ulishaiunga sebuleni siku aliyofika; mkisafiri kwenda Paris hana haja ya kuhangaika na ukurasa wa Kifaransa, wewe unawasha laptopu, yeye anaendelea na WhatsApp yake. Data ya laini yake ya Tanzania mzimie kabisa, gharama za ng'ambo hazina huruma, ila laini yenyewe usiichomoe: SMS za M-Pesa hazipiti kwenye Wi-Fi ya hoteli.

Hotspoti ikiwaka lakini kifaa hakiioni, anza na bendi, yaani masafa ya redio ambayo Wi-Fi inatumia. Laptopu ikigawa kwenye GHz 5, vifaa vingi vya bei nafuu, hasa printa na taa za kisasa, havitaiona kamwe kwa sababu vinasikia GHz 2.4 pekee. Pale pale unapobadilisha jina kuna pa kubadilisha bendi. Ikijizima yenyewe kila baada ya muda, zima kile kipengele cha kuokoa umeme kinachoifunga pasipokuwa na kifaa kilichounganishwa. Na laptopu ikilala, nyumba nzima inakosa intaneti. Iache kwenye chaja, uirekebishe isilale hata ukifunika kioo.

Wenye Mac mna kikwazo. Kugawa intaneti kupo, chini ya "Sharing", lakini Mac haipokei kwa Wi-Fi na kugawa kwa Wi-Fi wakati uleule. Lazima intaneti iingie kwa njia nyingine, kwa waya wa ukutani (MacBook za sasa zinahitaji adapta) au iPhone iliyochomekwa kwa USB. Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux, ina kitufe chake kwenye mipangilio ya Wi-Fi.

Hata kwenye Windows, waya ukiwepo utumie. Antena moja ikipokea na kugawa kwa zamu, kasi hushuka, pengine hadi nusu. Kwa simu ya video na nyumbani hutasikia tofauti kubwa. Kwa mpira wa moja kwa moja kwenye runinga utaisikia.

Laptopu ya mwajiri usiiguse kwa kazi hii. Kwanza mara nyingi wameshaufunga mlango huo, pili hutaki kueleza ofisini kwa nini watu watatu walikuwa nyuma yake. Kanuni za bweni nazo zisome, maana vyuo vingine vinakataza hotspoti za watu binafsi kwa kuwa zinabanana hewani na mitambo yao.

Ila Ujerumani ndiko kunakotaka tahadhari zaidi. Torenti, njia ya kupakua mafaili kutoka kwenye kompyuta za watu wengine, inapopakua filamu huwa inawasambazia wengine vipande vyake wakati huohuo, na kusambaza huko ndiko wanakokuwinda mawakili wa wenye filamu. Barua yao, Abmahnung, inamjia mwenye akaunti ya intaneti, hata kama aliyepakua ni binamu aliyelala kwako wikiendi moja, na mara nyingi inadai mamia ya euro. Ikikufikia usiitupe na usiisaini hapohapo. Ipeleke kwanza kwa mwanasheria au ofisi ya kutetea wateja, kwa sababu ina tarehe ya mwisho ya kujibu. Mgeni anayetaka torenti atumie bando lake.