Somo: Hita ya maji ihudumiwe mwezi wa tano, usingoje baridi ikubane

Mwezi wa sita ukiingia mafundi wa Arusha hawashikiki. Huyu yuko Usa River, yule anakwambia kesho. Kumbe hita yako ilishakufa tangu Februari, ila hukujua kwa sababu joto lilikuwa kali na maji ya bomba yalitosha kuogea. Ndiyo maana nasisitiza mwezi wa tano, masika inapoelekea ukingoni. Wenzetu wa Moshi mko chini kidogo, mnaweza kujivuta, lakini Julai alfajiri hata Pasua hakuna anayetamani maji ya simtanki.

Nazungumzia hasa hita ya tangi ya umeme, ile ya lita 50 au 80 inayofungwa ukutani bafuni.

Hatua ya 1. Zima umeme. Swichi ya bafuni peke yake haitoshi, shusha na breka yake. Acha maji yapoe usiku kucha, maana maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtoto ndani ya sekunde chache.

Hatua ya 2. Toa tope. Hapa usiwe na haraka. Wakati wa masika maji ya bomba huja na udongo, unatuama kwenye simtanki, na mwingine unapenya mpaka kwenye hita. Kwa hiyo anza na kusafisha simtanki, la sivyo unajisumbua bure. Kisha funga koki ya maji ya baridi yanayoingia, fungua bomba la maji ya moto ili hewa iingie, ndipo ufungue koki ya kutolea maji chini ya tangi. Kama haipo, nyanyua kile kishikio kidogo cha valvu ya usalama. Kinga ndoo, uangalie kinachotoka. Maji ya kahawia ni udongo tu, ukiingiza maji mara mbili tatu yatatakata. Vipande vyeupe vyembamba, kama maganda ya yai, ni ukoko wa chumvi uliobanduka kwenye elementi, ile koili ya ndani inayopasha maji. Ukiviona vingi, mwite fundi afungue kifuniko cha chini. Elementi yenye ukoko mnene haipitishi joto vizuri kwenye maji, inajiunguza yenyewe hadi inapasuka. Iloweke kwenye siki, ukoko utalainika. Usiukwangue kwa kisu.

Kifuniko kikiwa wazi, tazama na fimbo ya magnesiamu. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ukiona waya wake wa ndani umeanza kuchungulia, badilisha. Badilisha na mpira wa kifuniko hapohapo, ni kitu cha bei ndogo. Fundi akikwambia wa zamani bado unafaa, mwambie aufunge kwake.

Hatua ya 3. Valvu ya usalama. Lita 80 zikipanda kutoka nyuzi 18 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya lita 1, na hayo maji lazima yapate pa kutokea. Kwa hiyo kudondoka matone wakati hita inachemsha si ubovu. Wapo wanaoziba kwa kuwa ukuta unalowa. Usithubutu, tangi linaweza kupasuka. Vuta mpira mwembamba hadi kwenye tundu la maji machafu.

Hatua ya 4. Jaza kwanza, washa baadaye. Acha bomba la moto wazi mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Elementi ikiwaka kwenye tangi kavu, haichukui muda kuungua. Siku za mgao wa maji ni hivyohivyo: simtanki ikikauka, hita izimwe.

Hatua ya 5. Weka thamostati, yaani kidhibiti cha joto, kwenye nyuzi 60. Hata Januari usiishushe chini ya 55, kwani maji ya vuguvugu yanayolala tangini hufuga vijidudu.

Maswali ya wanachama

*Njiro: Fundi, nikigusa bomba nikiwa naoga kwenye shawa ya umeme nahisi inanitekenya. Aliyenifungia anasema zote ziko hivyo.*

Si kweli, dada. Zima breka leo, na mtu asiogee hapo. Ama ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, haipo au haifiki chini, ama elementi inavujisha umeme. Halafu shawa ya wati 5500 huvuta karibu ampea 24. Haipaswi kuungwa kwenye laini ya soketi. Inataka laini yake ya waya wa milimita 4 za mraba na breka yake. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA apime ethi kwa kipimo, asikague kwa macho.

*Soweto, Moshi: Hita yangu ni ya sola, ya mirija ya vioo. Maji yalikatika, yaliporudi saa saba mchana mirija miwili ikapasuka.*

Mirija ilikuwa mikavu na imeshika moto mkali, maji ya baridi yakaikuta hivyo. Siku nyingine maji yakikatika funga koki ya kwenda juu, ujaze alfajiri kabla jua halijachoma. Ukiifunga upya ielekeze kaskazini: Juni na Julai jua letu liko upande huo, na ndio wakati unaolihitaji.

*Sakina: Kijana, niiache ikiwaka kutwa ili LUKU isiende haraka?*

Shikamoo mzee. Hapana, tangi hupoteza joto muda wote, na thamostati inakula yuniti kulirudisha. Kupasha lita 80 zote kutoka nyuzi 18 hadi 60 ni karibu yuniti 4. Hita ya wati 1500 itachukua saa mbili na nusu hivi. Washa kabla ya muda wa kuoga, mkimaliza zima.

*Ngaramtoni: Maji yake yanafaa kwa chai?*

Hapana, ni ya kuogea na kuoshea vyombo. Yamekaa tangini na kutu na ukoko. Na msidhani kuyachemsha kunaondoa floraidi ya huku kwetu. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale.