Jinsi ya kusoma Injili pamoja na wakulima bila kuwahubiria

Naongoza vikundi vya kusoma Injili na watu wa shamba, wengi hawajasoma shule, na hivi ndivyo tunavyofanya. Njia yenyewe ni ya zamani, kule visiwa vya Solentiname, Nicaragua, padri Ernesto Cardenal alianzisha jumuiya 1966, na kwenye misa badala ya mahubiri wavuvi na wakulima walikuwa wanaijadili Injili wenyewe.

1. Kaeni duara. Kama kiti ni kimoja usikikalie wewe.

2. Chukua kipande kifupi, kisomwe mara mbili taratibu, maana wengi wanategemea sikio tu.

3. Swali la kwanza lisiwe "hii inatufundisha nini", ukiuliza hivyo utapewa majibu ya katekisimu, yale ya kukariri. Uliza hapa nani ana mali, nani hana, nani anaamua. Mfano Mathayo 20, wale vibarua wa shamba la mizabibu, walioajiriwa saa tofauti, wa mwisho saa kumi na moja jioni, na wote wakalipwa dinari moja, ujira wa siku. Mimi miaka yote nilijua hiyo ni habari ya neema basi, siku moja mama mmoja, kibarua, akasema jamani hawa wa saa kumi na moja sio wavivu, wamesimama tangu asubuhi hakuna aliyewaajiri, na ile dinari moja ndo chakula cha watoto siku hiyo, angepewa nusu wangelala njaa. Kikundi kizima kikanyamaza. Sijawahi kuisikia ikielezwa vizuri vile popote.

4. Hapo sasa nyamaza na wewe. Hii ndo hatua ngumu kuliko zote, hasa kama umesoma theolojia, mdomo unakuwasha. Usimsahihishe mtu, mwenzake akiona vingine atamjibu mwenyewe, na ukimya ukiwa mrefu uache, mtu anatafuta maneno.

5. Ona, amua, tenda. Hiyo ni ya padri Cardijn wa Ubelgiji na vijana wake wafanyakazi, na maaskofu wa Amerika ya Kusini waliifuata kwenye mkutano wao wa Medellín, Colombia, 1968. Kuona na kuamua, yaani kupima mambo kwa Injili, mmeshafanya, kwahiyo msiondoke bila kitendo kimoja kidogo, kwa mfano siku ile tulikubaliana watu watatu waende kwa mwenye shamba kuulizia malipo yaliyochelewa, tukataja na siku.

6. Mkikutana tena, kabla hamjafungua Biblia waulize wale watatu walijibiwa nini.