Fleti kwenye ghorofa refu la baharini: kagua hivi kabla hujasaini

Yale majengo ya chini maduka, katikati ofisi, juu makazi, dalali atakukimbiza balkoni ukaone maji. Sawa, angalia, bahari haihami. Halafu shika reli ya hiyo balkoni upitishe kidole kwenye maungio na chini ya skrubu, ukikuta madoa ya rangi ya chai kwenye chuma wanachokuapia hakishiki kutu ujue walibana hela, upepo wa chumvi unataka stenlesi ya daraja la 316, hii ya 304 ya kawaida haichelewi kuchafuka. Inua macho darini pia. Ufa ulionyooka kama rula na doa la kahawia sio rangi mbaya, ni nondo inaota kutu ndani ya zege, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe ndo maana zege linapasuka, wakipaka rangi juu wamekufichia tu.

Lifti usiipime wikiendi. Mi nilienda Jumapili mchana ikaja chap, nikahamia, Jumatatu asubuhi nagombania na watu wa ofisi plus vijana wa mizigo ya dukani. Uliza kama wakazi wana lifti yao.

Maji: fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja uone. Kila mita 10 za kimo ni kama bar 1 ya presha, kwahiyo jengo la mita 100 lenye tenki moja tu juu, wa chini wanapasukiwa na koki na wa juu kabisa wanaoga matone, labda kuwe na pampu na valvu za kupunguza presha. Umeme ukikatika jenereta inabeba hizo pampu na lifti, au taa za korido tu? Na sevisi chaji, ile ada ya kuendesha jengo, waombe mchanganuo, usije ukawa unalipia viyoyozi vya maduka.

Fleti zilizo juu tu ya maduka rudi usiku, uone moshi wa mgahawa unatokea wapi.

Mwisho shuka ngazi za dharura kwa miguu mpaka chini, ndio, zote. Milango ijifunge yenyewe, isiwe imewekewa tofali. Na ule wa mwisho kabisa ukikutoa ndani ya duka ambalo usiku linapigwa kufuli, mrudishie dalali funguo zake.